UZI: Nimeingiza haki ya kijamii kwenye somo la Kiingereza, yaliyonikuta nawaletea

Asalaam aleikum na hamjambo wote. Mie ni ticha wa Kiingereza, shule ya kutwa hapa Mombasa, jina la shule siitaji maana mkate wa watoto uko hapo. Uzi ni mrefu, mwenye kuwahi feri apite tu.

Mambo yalianza na hawa gredi 10. Wamekuja na mtaala wao mpya na kwenye huo mtaala kuna maadili nane ticha anatakiwa ayaguse kwenye kila somo, hata hesabu: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii na uadilifu. Kwenye skimu, ule mpango wa kazi wa ticha, unaandika wiki hii umegusa lipi. Sasa niwaambie ukweli, wengi wetu twaandika tu. Wiki hii amani, wiki ijayo uzalendo, ya tatu heshima, kama watu wanaopangiana zamu ya mfereji. Mie hiyo haki ya kijamii ndo nilikuwa naipachika pachika kila nikikosa cha kuandika, mpaka siku moja mkuu wa idara akashika skimu yangu akaniuliza kwa upole kabisa, hii haki mwalimu umeifundisha vipi. Nikababaika. Nikasema nimeifundisha kupitia ufahamu. Akatikisa kichwa akasaini. Alijua nadanganya na mie nilijua anajua.

Basi Jumanne nikaingia kwa fomu foo wangu, hata kama huo mtaala mpya si wao, nimejipanga. Nikaandika ubaoni "social justice" kwa herufi kubwa, nikawauliza maana yake. Darasa la watoto hamsini na kitu, kimya, wasikia feni tu. Mmoja akajaribu, ni kwenda kwa chifu. Mwingine akasema ni zile semina wanazopewa soda. Nikajaribu kueleza kwa Kiingereza, nikaona macho yanapotea mmoja mmoja kama taa za mtaa umeme ukianza kukatwa. Nikachoka. Nikafuta ubao nikasema haya, dhulma ni nini?

Wallahi sikujua mikono yaweza kuwa mingi vile. Hadi wale wa nyuma ambao kawaida yao ni kulala.

Kuna msichana babake ni mvuvi upande wa Likoni. Akaeleza chombo ni cha tajiri, nyavu za tajiri, hata mafuta ya injini hukopwa kwa tajiri, kwa hivyo babake akirudi na pweza bei ishakatwa kabla hajashuka majini. Akisema aende akauze kwingine, kesho hana chombo. Na mamake ni mama karanga, ananunua samaki wadogo anakaanga barabarani, naye hupata waliobaki baada ya tajiri kuchagua. Kwa hivyo mume yuauza kwa bei ya tajiri na mke yuanunua mabaki ya tajiri. Aliongea kama dakika tano hivi, yote kwa Kiswahili, na sikumkatiza.

Sasa mie nilikuwa na kopi za kurasa mbili tatu za The Pearl ya John Steinbeck, wale mliosoma miaka ile kilipokuwa kitabu teule mwaijua. Kino amepata lulu kubwa ajabu, anaipeleka kwa wanunuzi mjini La Paz kule Mexico. Wa kwanza anamwambia lulu kubwa hivi haina soko, chukua peso 1000. Anaitwa mwingine na mwingine, wa mwisho anataja 500. Kino anaposema basi naipeleka mji mkuu, yule wa kwanza anapandisha haraka haraka mpaka 1500. Nilikuwa bado sijafika pale mwandishi anapoeleza siri ya hao wanunuzi, yule msichana akanyoosha mkono: "Ticha, hawa si bosi wao ni mmoja?"

Na kweli bosi wao ni mmoja, ndivyo kitabu kinavyosema. Miaka yote nimefundisha ile sehemu, nadikteti noti, mandhari hii, sifa za wahusika hizi, mtu hajawahi kuniwahi hivyo.

Basi ndo kwanza darasa limewaka, mlango ukagongwa. Kiranja wa zamu. Mkononi ana diski. Kwa wasiojua, diski ni kile kibao cha mbao chenye kamba, anayesikika akiongea Kiswahili avaa shingoni mpaka amsikie mwenziwe naye amvishe, jioni wote waliovaa wanaitwa. Kiranja alikuwa anapita korido akasikia kelele za Kiswahili. Kwa adabu kabisa akaniomba ruhusa amvishe yule msichana.

Nikamwangalia mtoto wa watu, yuainamisha shingo avishwe huku ubaoni neno DHULMA nimelipigia mstari kwa chaki nyekundu.

Diski nikaichukua mie. Nikamwambia kiranja nenda, hii naiweka. Mwandishi Ngugi wa Thiong'o alieleza jinsi watoto wa enzi yake walivyotundikwa vibao kama hivyo shuleni wakati wa Mwingereza. Leo katiba ya 2010 ibara ya 7 yasema Kiswahili ndo lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi sawa na hicho Kiingereza. Na hapa ni Mvita, jamani. Hii lugha ndipo kwao.

Naendelea kesho, sehemu ya pili ndo nilipoharibu.

---

KalamuNyekundu: Mwalimu hongera lakini tuambizane ukweli. Paper 3 ya Kiingereza kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ina maksi 60, insha 20, kitabu cha lazima 20, cha hiari 20. Hao wanafunzi wa fomu foo wako wakiandika habari za tajiri wa pweza msahihishaji atawapa ngapi? Mzazi analipa karo apate gredi, hakulipa umfungue mtoto macho, macho yake yako wazi tokea azaliwe Likoni.

mama_wa_wanne: Mimi ni mzazi na naomba niulize bila kukosea mtu heshima. Hii haki ya kijamii ni ipi hasa? Maana neno lenyewe twalisikia kwa mashirika, wanakuja na vitini vyao, mwanzo ni haki ya maji safi, ukigeuka kidogo washaingiza mengine ambayo nyumbani hatuyataki. Mambo ya Wazungu hayo tunayaogopa.

Mzee wa Kibokoni: Mwanangu umefanya vyema kuficha hicho kibao. Lakini nina lawama. Mwatoka mpaka Mexico kutafuta lulu, na hapa mjini alikuwapo Muyaka bin Haji, akiwatungia Wazungu weusi na weupe mashairi ya kuwaambia Mvita haiendi kwa amri ya Unguja. Tena si mbali, Abdilatif Abdalla, kijana wa hapahapa, aliandika karatasi "Kenya: Twendapi?" akafungwa 1969 mpaka 1972, na humo gerezani ndimo alimotunga mashairi ya Sauti ya Dhiki. Hiyo si haki ya kijamii? Au mpaka iandikwe kwa Kiingereza?

dereva_wa_tuktuk: Mzee Wazungu weusi ni kina nani tena 😂

Mzee wa Kibokoni: Vidole vimeteleza, simu ndogo. Nilitaka kuandika watu weusi na weupe. Niacheni.

---

Nimerudi. Nianze na mama_wa_wanne kwa sababu swali lake ni la maana. Mama, huko kwao kwenyewe mambo hayajatulia. Marekani jimbo la Florida mwaka 2022 walipitisha sheria ya kubana namna ya kufundisha mambo ya rangi darasani. Mwaka huohuo upande wa pili kabisa wa nchi, Mukilteo jimbo la Washington, bodi ya shule ikaiondoa riwaya ya To Kill a Mockingbird kwenye orodha ya lazima, na hapo walioomba ni waalimu wenyewe. Hoja yao ilikuwa Mweusi kwenye kile kitabu yupo tu ili Mzungu mwema aje amtetee, na watoto Weusi ndo wanaokaa darasani wakisikiliza hayo. Kwa hivyo kule kuna mwanasiasa anayefunga kitabu na kuna ticha anayekitilia shaka, na wote wanaitwa wamepinga kitabu, na si kitu kimoja kabisa. Kitini cha shirika mie sina, mama. Nina dhulma tu, neno ulilofundishwa madrasa kabla hujafundishwa kuhesabu.

Mzee, lawama nimeipokea. Nimepanga wapewe beti mbili tatu za Kiswahili wazitie kwa Kiingereza, wapigane na maneno wenyewe. Mwaka 1968 kina Ngugi, Taban lo Liyong na Owuor-Anyumba walipoandika pale Chuo Kikuu Nairobi kwamba idara ya Kiingereza ivunjwe, hoja yao ilikuwa hiyohiyo yako, kwamba Afrika iwe katikati na hao wengine ndo wazunguke. Nusu karne na zaidi, mie bado natoa kopi za Mexico.

KalamuNyekundu, wewe nakujibu kwa kuendelea na kisa, kwa sababu na mie niliwaza maksi, na ndo zilizoniponza.

Wiki iliyofuata nilikuwa na sarufi, kauli ya kutendwa, ile ya "was" na "were". Nikajiambia hapa ndo penyewe, haki haihitaji kipindi chake, imo humuhumu ndani ya sarufi. Fikirieni Kiswahili chetu. Mtu akivunja kikombe atakwambia nini? Kikombe kimevunjika. Kimevunjika chenyewe, kilikuwa kimekaa kabatini kikaamua. Pesa za basari zimeliwa. Kiwanja kimeuzwa. Faili imepotea. Sisi tuna kutendwa na juu yake tuna kutendeka, Mwingereza hana utajiri huo wa kumficha mtu.

Nikawaletea habari ya Owino Uhuru, pale Mikindani. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilikuwa ubavuni mwa makazi ya watu, madini ya risasi yakaingia kwenye mchanga na kwenye damu ya watoto. Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa hapohapo, mtoto wake mchanga akaugua, kupimwa ni risasi, akaanza kupigana, mwaka 2015 akapewa tuzo ya Goldman, ile ya watetezi wa mazingira. Mahakama ya mazingira hapa Mombasa mwaka 2020 ikaamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, mahakama ya rufaa ikaitengua, halafu Mahakama ya Juu ikairudisha Disemba 2024. Nikawaandikia aya moja yote iko kwenye kutendwa, sumu ilimwagwa, leseni ilitolewa, malalamiko hayakushughulikiwa, kazi yenu kila sentensi muitafutie mwenyewe. Nani alimwaga, nani alitoa, nani hakushughulikia. Mtoto mmoja akaniambia "Ticha, hii moja ina watu watatu." Nikampa chaki aandike wote watatu. Kipindi kilikwisha na kengele hawakuisikia.

Nikalewa. Mtu aliyewahi kufundisha anaujua ule ulevi, watoka darasani watembea kama umeshinda ubunge. Nikawapa kazi ya nyumbani, barua kwa mhariri, ile ya maksi 20 ya Paper 1, juu ya jambo lililomkuta mwenyewe au mtaa wake, na masharti nikayaweka mie: kutendwa marufuku, kila tendo na mwenyewe.

Kesho yake wakasoma kwa sauti. Mmoja kaandika habari ya umati wa feri saa kumi na mbili asubuhi, mwingine choo cha shule (hiyo niliikunja haraka kabla mkuu wa shule hajapita). Akaja kijana mmoja, mpole, mwandiko wake mzuri kuliko wangu. Akasoma: "Our house was demolished at four in the morning."

Nikamkatiza. Nikasema, by whom?

Akanyamaza. Nikadhani hakunielewa, nikamwambia kwa Kiswahili, ilibomolewa na nani? Anaangalia karatasi. Nikasema usiogope, hapa ndo mahali pake, sema ni nani. Darasa lote kimya lakini si ule ukimya wa siku ya kwanza, huu ulikuwa na uzito, watoto wawili upande wa dirisha wakaangaliana. Mwishowe akasema, "By people, ticha." Wakacheka kidogo. Nikamtoa maksi mbili. Ndiyo, nilimtoa, naandika hapa mnichape.

Chumba cha waalimu ndo mwenzangu mmoja wa siku nyingi akaniuliza, wewe hujui? Yule anayedai kile kiwanja, mpwa wake umemkalisha deski la pili karibu na dirisha. Na mamake kijana baada ya nyumba kuvunjwa amepata chumba cha kupanga, mwenye nyumba ni wa ukoo huohuo. Mambo ya ardhi huku kwetu mwayajua, tangu ile sheria ya hati za ardhi ya 1908 kuna aliyezaliwa mahali, babake kazikwa hapo, na karatasi hana. Na mie na kiherehere changu nimemsimamisha mtoto mbele ya watu hamsini nataka jina.

Siku mbili hakuja shule. Ya tatu akaja, nikamwita nje chini ya mwarobaini, nikatafuta namna ya kumwomba radhi maana sisi waalimu hatujafundishwa hilo chuoni. Akanisikiliza. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, wala hakuwa na hasira:

"Ticha, kutendwa na kutenda najua tofauti yake. Pale niliweka kutendwa makusudi."

Nimekaa na hiyo sentensi wiki tatu sasa. Mimi nilikuwa nafundisha kwamba kutendwa ni pazia la mwenye nguvu, na mtoto anajua tokea nyumbani kwamba pazia hilohilo ni stara ya mnyonge. Nani nilikuwa namtoa stara? Yule aliyebomoa yuko kwake anakunywa kahawa chungu.

Maksi zake nimerudisha. Zile mbili na moja zaidi, na kama kuna mtu wa kusimamia mitihani hapa anisamehe.

---

KalamuNyekundu: Hapo umenimaliza. Kama kawaida yangu ningebisha lakini sina.

Bint_Kisauni: Nami nafundisha, shule nyingine. Mie huwa nawaambia andikeni kwenye daftari mbili, moja naisahihisha moja siifungui. Ile nisiyoifungua ndo wanaijaza haraka. Sijui kama inasaidia ila karatasi zinaisha.

dereva_wa_tuktuk: Ticha kuwa mwangalifu tu. Aprili 2025 kule Nakuru kwenye tamasha la maigizo si mliona wale wasichana wa shule ya Butere na mchezo wao Echoes of War, mahakama ishasema waachwe waigize, aliyeandika mchezo akakamatwa, polisi na vitoa machozi, watoto wakaimba wimbo wa taifa wakashuka jukwaani hawakuigiza. Shule hiyohiyo 2013 mchezo wao ulipigwa marufuku mpaka korti ikaingilia. Nchi hii haki ni sawa ikiwa kwenye skimu, ikipanda jukwaani ndo taabu.

mama_wa_wanne: Mwalimu mimi nimesoma yote. Swali langu la kwanza nalirudisha. Nina lingine. Huyo kijana na huyo mpwa wa yule mtu, bado wanakaa darasa moja?

---

Mama, ndiyo. Na hii sikuiandika juu kwa sababu sijui niifanyie nini. Juzi nimewapa kazi ya vikundi, sikupanga mie, walijipanga wenyewe, na hao wawili wameingia kikundi kimoja. Wanaandika mchezo mfupi. Nimepita karibu mara mbili tatu najifanya naangalia madaftari, nimesikia wanabishana kama mhusika wao mkuu awe kuli wa bandarini au awe muuza mahamri. Habari ya nyumba sijaisikia na sikuuliza. Bint_Kisauni, ya daftari mbili naiiba.

Dereva, nimesikia. Mchezo wao ni wa darasani tu, hauendi Nakuru. Kwa sasa.

Na mliouliza inboksi habari ya diski, wako kama sita hivi. Iko kwenye droo yangu chini ya makaratasi ya mtihani wa majaribio. Kiranja wa zamu kaja kuiulizia mara mbili, na jana naibu mwalimu mkuu kaja mwenyewe. Nimemwambia imepotea. Akasema imepoteaje. Nikasema imepotea tu, mwalimu, vitu hupotea. Akaniangalia kidogo, akaenda zake.